Miji ya Marekani iliyowaka miaka ya 1960: yanayosemwa na yaliyotokea

Kila Januari, siku ya kumkumbuka Martin Luther King, mpigania haki za Wamarekani Weusi, inapofika, hadithi ile ile huzunguka kwenye simu zetu: Weusi waliandamana kwa amani kudai haki sawa, serikali ya Marekani ikawasikia, sheria zikapitishwa, kisha vijana wenye hasira wakachoma miji na kuharibu kila kitu. Nimeisikia hata kwa walimu, na inaniuma, kwa sababu inawasingizia waliokufa.

"Washington ilikuwa upande wa waandamanaji"

Mara chache, tena kwa kusukumwa. Ni kweli kwamba mwaka 1957 Rais Eisenhower alipeleka wanajeshi wa Divisheni ya 101 mjini Little Rock ili wanafunzi 9 Weusi waingie katika sekondari ambayo gavana wa Arkansas alikuwa amewafungia mlango. Lakini Oktoba 1963, miezi miwili haijatimia tangu King ahutubie watu wapatao 250,000 jijini Washington, mwanasheria mkuu Robert Kennedy aliidhinisha FBI, wapelelezi wa serikali kuu, wanase simu za King. Mwaka uliofuata FBI hao hao walimtumia King barua isiyo na jina, iliyomsukuma ajiue. Kura ya maoni ya Gallup ya mwaka 1966 ilionyesha kuwa asilimia 63 ya Wamarekani walikuwa na mtazamo mbaya juu yake.

Macho ya dunia nayo yalihesabika. Mei 1963, wiki chache baada ya polisi wa Birmingham, jimbo la Alabama, kuwaelekezea watoto walioandamana mbwa na mipira ya maji ya zimamoto, viongozi wa Afrika walikutana Addis Ababa kuunda OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Wakiwa huko, Milton Obote, waziri mkuu wa Uganda, alimwandikia Rais John Kennedy barua ya wazi ya kupinga unyama ule. Washington ilikuwa ikishindana na Moscow kutafuta marafiki katika nchi zilizotoka kupata uhuru, hivyo barua ya namna hiyo haikuweza kupuuzwa.

"Walishapewa haki zao, basi fujo za nini?"

Mtaa wa Watts, Los Angeles, ulilipuka tarehe 11 Agosti 1965, siku 5 tu baada ya Rais Johnson kutia saini sheria ya haki ya kupiga kura. Watu 34 walikufa. Wengi huona hapo utovu wa shukrani. Lakini sheria ile ililenga majimbo ya Kusini, ambako Weusi walizuiwa kupiga kura; Weusi wa Los Angeles walikuwa wakipiga kura tangu zamani. Kilichowabana wao ni polisi, ajira na nyumba, na miezi 9 kabla ya hapo wapiga kura wa California walikuwa wamefuta kwa kura ya wananchi sheria iliyokataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba.

"Waporaji na wadunguaji ndio waliua watu"

Hapa tusipite haraka. Julai 1967 polisi wa Detroit walivamia baa isiyo na leseni, na jiji likawaka kwa siku kadhaa. Watu 43 walikufa, 33 kati yao Weusi. Tume ya serikali yenyewe ilichunguza kifo kimoja kimoja. Polisi waliua watu 20, huenda 21. Walinzi wa Taifa, yaani askari wa akiba wa jimbo, waliua 7, huenda 9. Waliouawa na wafanya ghasia walikuwa 2, labda 3.

Mmoja wa waliouawa alikuwa mtoto wa kike wa miaka 4. Mtu aliwasha sigara ndani ya nyumba, Walinzi wa Taifa wakadhani mwanga ule ni wa bunduki, wakaimiminia nyumba risasi.

Johnson alipoleta wanajeshi wa miamvuli, kamanda wao, Jenerali Throckmorton, aliamuru bunduki zote zitolewe risasi. Wanajeshi hao, ambao wengi walikuwa wametoka Vietnam na kati yao walikuwamo Weusi wengi, walitii, na upande wao wa jiji ukatulia upesi. Walinzi wa Taifa, karibu wote Weupe na wasio na uzoefu, wengi wao waliendelea kutembea na risasi. Kwa hiyo njia ya kutuliza mji bila kuua ilijulikana, na ilitumika jijini humo humo, wiki hiyo hiyo.

"Ilikuwa njama, na serikali haikujua chanzo"

Johnson alishuku kuna mkono uliojificha, akaunda tume ya watu 11, ile ile iliyochunguza vifo vya Detroit, chini ya gavana Otto Kerner wa Illinois. Ripoti yao ilitoka mwisho wa Februari 1968. Haikukuta njama yoyote. Mshiriki wa kawaida wa ghasia, ilisema, alikuwa kijana aliyeishi maisha yake yote katika mji ule, mwenye elimu kidogo zaidi ya jirani yake ambaye hakushiriki. Lawama kuu iliangukia ubaguzi wa Weupe.

Mwanasaikolojia Kenneth Clark aliwaambia wajumbe kwamba alikwisha kusoma ripoti ya ghasia za Chicago za 1919, za Harlem za 1935 na 1943, na ya Watts. Zote zilikuwa na uchambuzi ule ule na mapendekezo yale yale, na kila mara hakuna kilichofanyika. Johnson hakutaka hata kupokea ripoti ya Kerner hadharani.

King aliuawa tarehe 4 Aprili, na miji zaidi ya 100 ikalipuka. Siku 7 baadaye Johnson alitia saini sheria ya kukataza ubaguzi wa nyumba. Kinachosahaulika ni kwamba ndani ya sheria hiyo hiyo kulikuwa na sehemu iliyofanya kuwa kosa la jinai kuvuka mpaka wa jimbo ili kuchochea ghasia. Sehemu hiyo ya pili ilianza kazi mapema: kufikia Machi 1969 watu 8 walikuwa wameshtakiwa kwayo kutokana na maandamano ya kupinga vita vya Vietnam yaliyofanyika Chicago Agosti 1968. Ile ya nyumba iliipa wizara husika uwezo wa kusuluhisha tu, bila nguvu ya kumlazimisha mbaguzi, mpaka Bunge lilipoirekebisha mwaka 1988.