Kocha hakumuuza mtu

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi, wembe uko shingoni, mzee mmoja wa Bukavu aliyekuwa akisubiri zamu yake akanianza: "Mwanangu, huyo kocha wenu wa hoki ana wivu. Kijana akianza tu kufunga, anamuuza." Watu wanne wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Nikanyamaza, maana mwenye wembe shingoni habishani. Lakini maneno hayohayo nimeyasikia msikitini, harusini, hata kwenye foleni ya kubadilisha mafuta ya gari, na nimechoka. Majibu ni haya, niyaandike mara moja tu.

Kwa wasionijua: mimi ni mtunza vifaa wa timu ya hoki ya barafu inayocheza ECHL, ngazi ya tatu ukihesabu kutoka NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, kuteremka. Ni mtoto wa Mombasa. Barafu ya kwanza kuikanyaga ni ile ya hoteli ya Panari, Nairobi, na nilianguka kifudifudi mbele ya watoto wa shule. Huu ni msimu wangu wa tisa kazini. Mashabiki wetu wanaozungumza Kiswahili wanazidi kuongezeka, hasa Wakongo na Warundi, kwa sababu timu za madaraja haya nyingi ziko kwenye miji waliyopewa makazi: Portland ya Maine, Boise ya Idaho, Grand Rapids ya Michigan. Wanakuja uwanjani na macho ya soka, na macho ya soka yanawadanganya.

"Mchezaji aking'ara, kocha anamuuza"

Tuanze na mwenye mali ni nani. NHL ina timu 32. Chini yake kuna AHL, ligi iliyoanza mwaka 1936, nayo tangu 2022 ina timu 32, kila moja imefungwa kamba na timu moja ya juu, yaani inaikuzia wachezaji. Chini ya AHL ndipo tulipo sisi wa ECHL, ligi iliyozaliwa 1988 ikiwa na timu tano. Sisi nasi karibu wote tumefungwa kamba na walio juu yetu.

Sasa tazama chumba changu cha kubadilishia nguo. Viti vinafanana, jezi zinafanana, lakini waliovikalia wana waajiri tofauti. Kijana huyu ana mkataba wa NHL. Ameteremshwa AHL, kisha akateremshwa kwetu apate dakika za kucheza. Wa pembeni yake ana mkataba wa AHL. Wa tatu ndiye wetu hasa, tunamlipa sisi kwa wiki na tunampa nyumba ya kulala. Wale wawili wa kwanza kocha wetu anawafundisha, anawapanga, anawafokea, lakini si wake, sawa na gari la kuazima. Mwenye gari akipiga simu, unarudisha funguo.

Na huyu wa tatu, aliye wetu? Huyo timu ya AHL inaweza kumsainisha mkataba wa majaribio wa hadi mechi 25, akaondoka leo hii. Hakuna dau la uhamisho, hakuna mkoba wa fedha, hakuna kamati ya usajili iliyokesha hotelini. Kupanda ndiyo sababu alikuja kucheza kwetu. Ukimzuia, mwaka kesho hakuna kijana mwenye akili atakayesaini kwako.

Nieleze Ijumaa moja tu, kwa sababu naona watu hawapati picha. Saa nne asubuhi, mazoezi mepesi ya siku ya mechi yamekwisha, simu ya kocha inalia. Namsikia ukutani. Hasemi ndiyo wala hapana, maana hakuulizwa. Anasema, "Sawa. Wanaondoka saa ngapi?" Dakika moja baadaye anaegemea mlango wa stoo yangu, kikombe cha kahawa mkononi, ananyanyua vidole viwili. Basi, wawili wameitwa juu, ni mabegi mawili. Nafunga viatu, vyuma vya akiba, magongo sita sita kila mmoja, kofia. Halafu nakaa kwenye cherehani, nachukua kisu kidogo cha kufumulia uzi, nabandua majina mgongoni mwa jezi herufi baada ya herufi. Majina hayo situpi. Nina droo yake.

Wakati mimi nafumua, kocha yuko kwenye simu, na hapo hajanywa hata nusu ya ile kahawa. Kwenye ngazi yetu kocha mkuu mara nyingi ndiye meneja wa kikosi pia: yeye ndiye aliyewatafuta wachezaji kiangazi chote, mmoja mmoja, kwa maneno matamu. Sasa anatafuta wawili wapya kabla ya saa moja usiku. Anapigia timu za SPHL, ligi iliyo chini yetu isiyofungwa kamba na mtu. Anampigia jamaa aliyeacha hoki akaenda kuuza bima. Saa kumi na moja jioni anaingia kijana ameendesha gari kwa muda wa saa tano, macho mekundu, ananiuliza choo kiko wapi. Namshonea jina, namnolea viatu, namwonyesha kiti. Saa moja usiku yuko barafuni na wenzake ambao majina yao hajayashika. Tukafungwa mabao matano kwa moja. Na huko jukwaani mtu anasema kocha ameuza timu!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ukweli uko kinyume kabisa. Kocha wa ngazi yetu anapimwa kwa vijana aliowapandisha. Ndiyo silaha yake ya kiangazi: "Njoo kwangu, mwaka jana niliwapeleka sita AHL." Yeye mwenyewe anataka kupanda kwa ngazi hiyohiyo. Spencer Carbery alianza ukocha mkuu akiwa na South Carolina Stingrays wa ECHL, akapita Hershey Bears wa AHL, leo anaifundisha Washington Capitals ya NHL. Amekuwa kocha bora wa mwaka katika ligi zote tatu. Jared Bednar alichukua Kombe la Kelly, la ECHL, na Stingrays haohao mwaka 2009, Kombe la Calder, la AHL, na Lake Erie Monsters 2016, na Kombe la Stanley, la NHL, na Colorado Avalanche 2022. Mtu wa wivu hafiki huko.

Kuuzana kwenyewe kupo, sikatai. Timu za ECHL hubadilishana wachezaji, na wakati mwingine fedha hupita. Lakini hapo anayeondoka huwa ni yule asiyeelewana na wenzake, au aliyezidi kwenye nafasi yake. Mfungaji wako bora humpeleki kwa jirani mtakayekutana naye mara kumi msimu huohuo.

Kuna familia moja ya Kirundi iliyompenda mchezaji wetu, mtoto wa watu kutoka Saskatchewan, wakawa wanampikia. Siku moja wamekwenda kwenye fleti yake na chakula, hayupo, kitanda kimetandikwa. Mama akanipigia akilia: kocha amemfukuza mtoto usiku kama mwizi. Mama, nikamwambia, aliitwa juu, akapewa dakika arobaini, na alikimbia akicheka. Hata kumuaga mpenzi wake alimuagia kwenye simu, akiwa uwanja wa ndege. Sufuria lao alilokuwa amelibakiza bado liko stoo kwangu, nyuma ya madebe ya gundi. Mje mlichukue.

Huko AHL mambo ni magumu zaidi kwa kocha. Kwa kawaida yeye ni mwajiriwa wa timu ya NHL, na meneja mkuu aliye juu yake mara nyingi ni meneja msaidizi wa huko juu. Ratiba ya golikipa yupi asimame lini inaweza kuwa imekwishapangwa na watu walio mji mwingine. Na sheria ya ligi yenyewe inambana: kati ya wachezaji 18 wa ndani, yaani wasio makipa, anaowavalisha, wasiopungua 13 lazima wawe wa kukuzwa, yaani 12 wasiozidi mechi 260 za kulipwa na mmoja asiyezidi 320. Kwa hiyo ukimwona mkongwe mwenye mikono ya dhahabu amekaa jukwaani na suti, usimlaani kocha. Nafasi za wakongwe zimejaa.

"Kocha amemtoa mwanangu baada ya sekunde arobaini, hampendi"

Hii nayo ni ya soka. Kwenye soka ukitolewa umekwisha, unavaa fulana na kuchukua maji. Huku watu watano wa ndani wanakimbia kwa nguvu zote sekunde 40 hadi 50, wanarudi benchi, wengine watano wanaruka ukuta bila mchezo kusimama, na baada ya dakika moja au mbili zamu inarudi. Kocha mkuu huwa anawaita washambuliaji, msaidizi mmoja anasimamia mlango wa mabeki. Anayekaa barafuni dakika moja na nusu ndiye anayeshikwa sikio. Kama mwanao anatolewa upesi, mpongeze.

"Kocha lazima awe alicheza NHL"

Jon Cooper alikuwa mwanasheria. Hakuwahi kucheza hoki ya kulipwa. Mwaka 2012 aliiongoza Norfolk Admirals ya AHL kushinda mechi 28 mfululizo na kubeba Kombe la Calder, mwaka uliofuata akaitwa Tampa Bay ya NHL, akachukua Stanley 2020 na 2021. Nyongeza, kwa wale wanaoniambia benchi la ufundi la hoki si mahali pa mwanamke: Jessica Campbell alikuwa kocha msaidizi Coachella Valley ya AHL kuanzia 2022, na 2024 Seattle Kraken wakampandisha NHL. Tumemaliza.

"Kocha ndiye huwatuma wapigane"

Zamani labda. Leo AHL ukifikisha adhabu kumi za kupigana kwa msimu unafungiwa mechi, na kocha aliyekwishapungukiwa na watu wawili Ijumaa asubuhi hana mchezaji wa kuchezea hivyo.

"Mtunza vifaa ni dobi wa timu"

Nafua, ndiyo. Nafua usiku wa manane baada ya safari ya basi, kwa sababu tunaweza kuwa na mechi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na kila begi linanuka uvundo wake. Lakini begani kwangu kuna kazi ambayo kocha mwenyewe haigusi: makali. Chuma cha kiatu hakina makali mamoja kama kisu. Chini yake kuna mfereji unaopita katikati, na kingo mbili, kila upande mmoja. Jiwe la mashine likichonga mfereji wa kina, kingo zinauma barafu, unageuka vizuri lakini unateleza kwa shida. Mfereji usio na kina, unapaa lakini kwenye kona unakwenda na maji. Wengi wangu wako kwenye nusu inchi, kipimo cha mviringo wa mfereji: kikikua, kina kinapungua. Kuna beki mmoja mzito anayetaka tano ya nane na hataki kusikia kingine, na nikikosea anajua kabla hajavuka mstari wa bluu.

Ndiyo maana wazazi wanaoniletea viatu vya watoto wakisema "vinoe sana, akimbie sana" nawarudisha nyumbani. Makali mengi hayaleti mbio. Na kama hamtaki kusikia lolote kutoka kwangu sikieni hili: mtoto akitoka barafuni, futeni chuma kwa kitambaa kikavu, hadi kikauke kabisa. Vile vifuniko vya plastiki ni vya kutembelea tu. Mkivifunga juu ya chuma kibichi na kuviacha ndani ya begi hadi Jumamosi nyingine, mnafuga kutu. Nimesema hivi mara elfu. Kitambaa. Kikavu.

Halafu mtunza vifaa akiwa kipa mstaafu, jueni yumo kwenye hesabu. Tarehe 31 Desemba 2016 Carolina Hurricanes wa NHL walibaki na golikipa mmoja kule Tampa, wakamvalisha Jorge Alves, mtunza vifaa wao, aliyewahi kudaka ECHL. Alisimama golini sekunde 7.6 za mwisho. Mimi sijawahi kudaka hata embe, kwa hiyo msinitazame.

Nirudi kwa yule mzee wa Bukavu. Nilipomaliza kunyolewa nilimsogelea, nikamwamkia, nikamweleza yote haya polepole: kamba, mkataba, simu ya saa nne. Alisikiliza kwa adabu. Jumanne mfungaji wetu aliyekuwa amepandishwa akarudishwa, maana majeruhi wa huko juu alikuwa amepona. Nikafungua droo, nikalitoa jina lake, nikalishona palepale lilipokuwa. Jioni mzee akampigia kinyozi, kinyozi akanipa simu.

"Nimemwona kwenye orodha ya kikosi," akasema. "Kwa hiyo kocha amemnunua tena? Kwa bei gani?"