Kurekodi kinanda cha kanisa bomba kwa bomba

Rekodi ya kawaida ya kinanda cha mabomba hunasa wimbo. Hii ninayoieleza hapa haina wimbo. Mpigaji hubonyeza kitufe kimoja, hukishikilia sekunde kadhaa, hukiachia, kisha wote waliomo kanisani hunyamaza mpaka mwangwi uishe kabisa. Ndipo kifuate kitufe cha pili, na cha tatu, mpaka kila bomba liwe na rekodi yake. Kinanda kikubwa kina maelfu ya mabomba, kwa hiyo ni kazi ya mikesha mingi.

Hufanywa usiku kwa sababu magari yamepungua, lakini pia kwa sababu ya joto. Hewa ikipata joto, sauti husafiri haraka zaidi ndani yake, na sauti ya mabomba yanayolia kama filimbi hupanda juu. Ya yale yenye ulimi wa shaba haipandi kwa kiasi hicho, hivyo makundi hayo mawili huanza kupishana. Kipimajoto ni kifaa cha lazima hapo sawa na maikrofoni.

Rekodi hizo zikiingizwa kwenye kompyuta, mtu anaweza kukipiga kinanda cha Ulaya akiwa nyumbani kwake. Hata sauti ya "ogani" kwenye vinanda vya umeme vya parokia zetu, mara nyingi, asili yake ni mabomba halisi yaliyorekodiwa, ingawa yamefupishwa sana.

Thamani yake kubwa, kwa maoni yangu, huonekana kabla ya ukarabati. Fundi akishafungua mabomba, akayasafisha na kugusa midomo yake na matundu ya kuingizia upepo, sauti ya zamani hairudi. Kwa hiyo rekodi ya kwanza ichukue kila kitu, pamoja na kasoro: bomba linalochelewa kulia, linalofoka hewa, mngurumo wa mashine ya upepo. Kazi ikiisha, kinarekodiwa tena, na mabadiliko yanasikika bomba kwa bomba. Hata hivyo rekodi haiwezi kumwamulia fundi. Sauti ya mwisho hupangwa kwa sikio, ndani ya kanisa lenyewe, kwa sababu kuta na dari ni sehemu ya ala.

Kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, linaonyesha hilo. Moto wa tarehe 15 Aprili 2019 haukukiunguza kinanda kikuu chenye mabomba yapata 8,000, ila kilijaa vumbi la madini ya risasi. Kilifunguliwa vipande vipande mwaka 2020, kikasafishwa, kikarudishwa. Mwaka 2024 mafundi walirekebisha sauti zake kwa miezi, usiku, wajenzi wakiwa wameondoka, na tarehe 7 Desemba kikalia tena mbele ya watu. Mwangwi wa kanisa hilo ulikuwa umepimwa kwa makini mwaka 2013, miaka sita kabla ya moto, na vipimo hivyo ndivyo watafiti wa sauti walivyovitumia kulinganisha jengo la kabla na la baada.