Mlizungumza, au mlijadili?

Mama mmoja anayeuza unga wa mahindi kwenye soko la Kenya, komini yetu (yaani sehemu ya mji) hapa Lubumbashi, alinijia jioni moja na simu mkononi. "Mwalimu, nisomee hii. Mbona ananishukuru?" Unga wake hutoka Zambia, na muuzaji wake yuko Kitwe. Siku hiyo magunia sita yalikuwa yamefika mpakani Kasumbalesa yakiwa yamelowa, na yeye na dereva wakarushiana maneno makali mbele ya watu. Alipofika nyumbani akamwandikia muuzaji kwa Kiingereza alichojifunza mwenyewe: "I had a discussion with your driver." Muuzaji akajibu kwa kumshukuru, kwamba amefurahi sana kusikia hivyo.

Mama hakukosea tahajia hata moja. Kilichomponza ni Kifaransa. Kwa Kifaransa chetu cha Kongo, ukisema umekuwa na "discussion" na mtu, msikilizaji anaelewa kwamba sauti zilipanda. Mzazi humwambia mtoto "pas de discussion" na maana yake ni usinijibu. Sokoni tunadiskite bei, na kila mmoja anavuta upande wake. Mwingereza au Mzambia akisikia neno hilohilo anaona watu wawili wametulia, jambo liko katikati yao, wanaliangalia pande zote. Ugomvi wa maneno yeye anauita "argument", neno ambalo kwa Kifaransa ni hoja tu, wala halina hasira. Nimekuwa mkalimani na mwalimu wa Kiingereza miaka mingi, na bado maneno haya mawili ndiyo ninayoyaogopa kuliko yote, kwa sababu kwenye karatasi kila moja linaandikwa sawasawa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza.

Baada ya hapo wanafunzi huniuliza swali gumu zaidi: kama "discussion" ni mazungumzo ya utulivu, basi "conversation" ni nini?

Mimi huwaambia watazame sarufi kwanza. "Discuss" ni kitenzi kinachodai kitu. Huwezi kusema "we discussed" ukanyamaza. Mwingereza atakusubiri umalize. Kiswahili kinajua jambo hili vizuri. Ukiniambia "tulizungumza", nimeshiba. Ukiniambia "tulijadili", nitauliza: mlijadili nini? Ndiyo maana pia ninasahihisha kila wiki kosa la "discuss about the price". Kifaransa husema "discuter de", na hiyo "de" inatufuata hadi kwenye Kiingereza. Sahihi ni "discuss the price", kama tunavyosema kujadili bei. "Conversation" haidai kitu, inadai watu. Unakuwa nayo pamoja na fulani, na mkiinuka bila kuamua lolote hakuna kilichoharibika. Majadiliano yanaweza kushindwa. Masolo, ndivyo tunavyoita maongezi ya kawaida hapa kwetu, hayashindwi.

Mizizi ya maneno yenyewe inasema hivyohivyo. "Discuss" limetoka kwenye Kilatini "discutere", kutikisa kitu mpaka kitawanyike. Madaktari wa zamani wa Uingereza waliwahi kulitumia hata kwa dawa inayotawanya uvimbe. Kwangu picha iliyo karibu zaidi ni mama anayepepeta mahindi kwenye ungo: anatikisa, makapi yanaruka, punje zinabaki. Mtihani wa chuo cha Zambia ukikuambia "Discuss", unakutaka upepete hivyo, utoe sababu za upande huu na za upande ule, kisha uonyeshe kilichobaki kwenye ungo. Vijana wetu wanaokwenda kusoma huko hupoteza alama kwa sababu wanasimulia tu.

"Conversation" lilianzia mbali na maneno ya mdomo. "Conversari" ya Kilatini ni kukaa pamoja na mtu, kuishi naye. Fungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, 1 Petro 3:1. Pale wake wanaambiwa waume wao wasioamini wanaweza kuvutwa bila neno, kwa "conversation" ya wake hao. Msomaji wa leo anashangaa: bila neno, lakini kwa mazungumzo? Biblia yetu ya Kiswahili inaweka "mwenendo", na ndiyo maana iliyokusudiwa. Hata sheria ya Uingereza ilikuwa na kesi iliyoitwa "criminal conversation", ambayo mume alimfungulia mwanamume aliyezini na mkewe, mpaka ilipofutwa mwaka 1857. Mahakama hiyo haikujali walichoongea.

Ninalipenda neno hili kwa sababu limehifadhi kitu ambacho sisi tunakiishi. Wazee wa Kamalondo wakikaa kwenye barza jioni, wanasolola. Wanaanza na Mazembe, timu yetu ya mpira, wanahamia bei ya makala (makaa ya kupikia), wanamkumbuka marehemu fulani, wananyamaza kidogo, wanaanza tena. Ukiuliza walikuwa wakijadili nini utakuwa umewakosea, maana walikuwa wamekaa pamoja, basi. Nikitafsiri "conversation" kwa msikilizaji wa Lubumbashi huwa nasema masolo, hata kama kamusi haitaki.

Kuna mahali pamoja ambapo kanuni yangu inalegea. Mkubwa wa kazi akikuambia kwa Kiingereza "we need to have a conversation", usiende ukidhani ni masolo. Ameficha jambo zito ndani ya neno laini, kama sisi tunavyomwambia mtu "njoo tuongee kidogo" na moyo wake ukaruka. Lakini akikuitia "discussion", beba karatasi zako na hesabu zako, kwa sababu kuna jambo mezani na linangoja uamuzi.

Yule mama tulikaa naye, nikampa kiti na chai. Tulifuta "discussion", tukaandika "argument", kisha tukaeleza habari ya maji na magunia. Kabla hajamaliza chai simu ililia. Muuzaji alikuwa anauliza: magunia mangapi?