Mmeru aliyefika New York kabla ya bendera

Kila ikikaribia Desemba 9, siku ya uhuru wa Tanganyika, wageni wanatuuliza kitu kilekile huku makumbusho, eti bendera ya Mwingereza ilishushwaje usiku ule wa 1961, na Mwenge nani aliupandisha Kilimanjaro. Aliupandisha Luteni Alexander Nyirenda. Ila mi ukinipa maiki naanzia Meru, hii ya Arusha.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwatoa Wameru kule Ngare Nanyuki ili iwape walowezi wa Kizungu ardhi yao, watu karibu 3,000, nyumba zikachomwa moto na mifugo ikaswagwa. Sasa hapo unamshtaki nani, maana aliyekunyang'anya ndo huyohuyo mwenye mahakama? Bahati ni kwamba Tanganyika haikuwa koloni la kawaida, ilikuwa nchi ya udhamini, yaani Mwingereza kakabidhiwa tu na Umoja wa Mataifa aiangalie, kwahiyo mwananchi aliruhusiwa kupeleka malalamiko kulekule juu. Wameru wakachangishana hela, 1952 mwenzao Kirilo Japhet akaenda New York pamoja na mwanasheria Earle Seaton.

Akaongea, wakamsikiliza. Kisha Baraza Kuu likapiga kura juu ya ardhi hiyo, theluthi mbili iliyotakiwa haikutimia, ardhi haikurudi.

Hebu angalia waliopiga kura. Umoja wa Mataifa ulikuwa na nchi 60, na za Afrika zilikuwa nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, na hiyo Afrika Kusini nayo ilikuwa chini ya makaburu. Mwenye shamba kaja na ukweli wake wote ila kura hana, kama mtu anayesikia kesi yake dirishani.

TANU, chama cha kudai uhuru, ikazaliwa Julai 7, 1954, na 1955 Nyerere naye akaenda hukohuko New York, ila yeye hakudai shamba, alitaka ijulikane kuwa nchi hii mwisho wa siku itatawaliwa na Waafrika. Desemba 14, 1960 likapita azimio namba 1514 la kumaliza ukoloni, kura 89, hakuna aliyepinga, nchi 9 zikakaa kando (Uingereza ikiwemo, wala sishangai).

Mwaka mmoja kamili baadae, Desemba 14, 1961, siku tano tu baada ya uhuru, Tanganyika ikaingia kama mwanachama wa 104, ikakaa na kura moja, sawa na ya Mwingereza.