Vitabu vya Wanawake Weusi wa Diaspora: Nani Hasa Alishika Kalamu?

“Walioandika hasa ni Wazungu.” Kuhusu vitabu vya wanawake Weusi wa diaspora, yaani wazao wa Waafrika waliotawanyika ng'ambo, hii ndiyo dhana sugu kuliko zote. Phillis Wheatley alifikishwa Boston utumwani mwaka 1761, ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele. Kwa meno hayo wakamkisia miaka saba. Diwani yake ilipotoka London mwaka 1773, ilibidi itanguliwe na waraka wa mabwana 18 wa Boston, gavana akiwemo, wakithibitisha kuwa mashairi ni yake. Sijui ni malenga gani mwingine aliyewahi kudaiwa mashahidi 18.

Harriet Jacobs, mtumwa wa Marekani, naye alijificha karibu miaka saba darini, nyumbani kwa bibi yake huko North Carolina, mahali asipoweza hata kusimama wima, akimkwepa bwana aliyemwandama. Kitabu cha maisha yake, cha 1861, alikitoa kwa jina la Linda Brent. Basi wasomi wa karne ya 20 wakakiita riwaya, na wengine wakasema kaandika mhariri wake Mzungu, Lydia Maria Child. Ubishi ulikuja kuisha msomi Jean Fagan Yellin alipozipekua barua za Jacobs mwenyewe na kutoa toleo jipya mwaka 1987.

Mary Prince, aliyezaliwa utumwani Bermuda, ni kisa kingine. Yeye alisimulia, mwenzake akaandika, London 1831, na kitabu chenyewe hakifichi hilo. Sisi tuliolelewa kwa ngano za bibi tunajua hadithi ni ya nani.

“Diaspora ni Marekani.” Si kweli. Carolina Maria de Jesus, mwokota makaratasi wa São Paulo, Brazil, aliandika shajara kwenye madaftari ya kuokota. Ilipochapishwa mwaka 1960, toleo la kwanza liliisha upesi ajabu.

“Wote wanaililia Afrika.” Hapa wasomaji wengi huteleza, hasa sisi tuliobaki huku, maana tunapenda kuliliwa. Mwandishi Maryse Condé wa Guadeloupe, visiwa vya Karibi, aliishi Guinea, Ghana na Senegal. Katika riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1976, mwanamke wa Guadeloupe anakuja Afrika Magharibi kutafuta mababu, anakuta utawala wa mabavu, wala hapati pa kujishikiza. Riwaya inaitwa Heremakhonon, maneno ya Kimalinke, lugha ya Afrika Magharibi: subiri furaha. Mwishoni anarudi zake Paris.