Usininolee mkasi kwa ndani

Huyu ni wa tatu mwezi huu. Kaweka kisu chekundu cha Uswisi mezani, kavuta kimkasi chake kwa ukucha, akaniambia kwa fahari, "Fundi, nimekinoa mwenyewe, nje na ndani. Sijui kwa nini bado kinatafuna." Nikakielekeza kwenye mwanga. Ndani kunang'aa kama kioo na kumelala tambarare. Kinatafuna kwa sababu umekinoa, kaka yangu.

Mkasi si visu viwili vilivyofungwa pamoja. Mabapa yake hayalaliani. Yamepinda kidogo sana kuelekeana, yanagusana mahali pamoja tu, na mahali hapo panatembea toka kwenye ribiti, ule msumari wa kiungo, hadi nchani kadiri unavyofunga. Ufunge taratibu mbele ya taa: nyuma ya pale yanapogusana utaona uwazi mwembamba kama unywele. Uwazi huo ndio kazi yote ya mkasi. Wewe umeukwangua kwenye jiwe.

Halafu mnapapasa makali kwa kidole, mnasema butu. Lazima muone butu! Kisu nakiweka nyuzi 20 hivi kila upande. Mkasi ni nyuzi 60 au zaidi, wa upande mmoja. Kwa kidole hutajua lolote. Kata tishu iliyolowa maji. Zamani nilikuwa napima kwa mfuko wa plastiki, tangu marufuku ya Juni 2019 natumia tishu.

Sasa lile linalonikera zaidi, na sijawahi kuona mtu analieleza vizuri. Mkasi wa fundi cherehani una matundu ya vidole. Ukikata, dole gumba linasukuma nje kidogo, vidole vingine vinavuta ndani, mabapa yanabanana kwa ubavu. Ndiyo maana mama mshonaji anakata kitenge kwa mkasi uliolegea na halalamiki: mkono wake unaurekebisha bila yeye kujua. Ndiyo maana pia mwenye kutumia kushoto akishika mkasi huohuo kitambaa kinajikunja katikati; mkono wake unayaachanisha mabapa. Kimkasi cha mfukoni hakina matundu. Unakiminya tu, juu na chini, na kuminya hakubani kitu kwa ubavu. Kila kitu kimeachiwa ribiti. Ikilegea kiasi cha unene wa karatasi, uzi unalala katikati ya mabapa, hata ungekuwa na makali ya wembe. (Kwa hesabu hiyo mtu wa kushoto hapaswi kupata shida kabisa na vimkasi hivi. Wengine wanaapa kwamba wanapata. Sina jibu.)

Kwa hiyo mkiniuliza kimkasi kipi cha mfukoni ni bora, mimi naangalia kiungo kwanza. Victorinox Classic SD, kisu kidogo cha Uswisi, ni milimita 58 ikiwa imekunjwa, gramu 21 hivi, unaifunga kwenye funguo na kuisahau. Uzi unaoning'inia, ukucha, plasta, kona ya pakiti ya maziwa: inatosha. Lakini zote zilizopita mkononi mwangu mkasi wake ni wa ribiti. Ukilegea ni nyundo ndogo na kushikilia pumzi, kwa sababu ukigonga mara moja zaidi, springi haina tena nguvu ya kuufungua. Nimeshaharibu hivyo. Nimelipa.

Zile Victorinox kubwa zaidi za milimita 91, kama Climber, za miaka ya karibuni zina skrubu. Bisibisi ya miwani, unakaza kidogo sana, unajaribu, basi. Kwa skrubu hiyo tu ningeongeza hela.

Wenger, mtengenezaji mwingine wa visu vya Uswisi aliyenunuliwa na Victorinox mwaka 2005, alikuwa na njia yake: meno madogomadogo kwenye makali na mpini wa wenzo, bila kile kijiti cha springi kinachoruka na kupotelea chini ya kabati. Umbo hilo bado liko kwenye visu vya Victorinox Evolution vya milimita 85. Meno yanaushika uzi usiteleze, hata kiungo kikilegea kidogo. Nisichopenda ni kwamba ukiyapitisha kwenye jiwe yamekwisha, na kwenye karatasi mkato unatoka umechanikachanika.

Leatherman Micra, kifaa kidogo cha kukunja cha tangu 1996, imegeuza mambo: mkasi ndio uko katikati, na mipini yote miwili ya kifaa ndiyo unayoiminya. Nguvu ipo ya kweli, jinzi unakata. Lakini ndiyo hiyohiyo inayowafanya watu wakate nayo waya na vile vikamba vya plastiki vya kufungia nyaya, kisha wananiletea bapa lenye pengo. Ya Leatherman Wave nitasema kifupi: kifaa kizito, mkasi wa mwanasesere.

Na kabla ya yote hayo, futa gundi. Wengi wanaokuja kwangu shida yao ni gundi ya tepu iliyoganda ndani ya mabapa. Kitambaa na spiriti, tone la mafuta kwenye kiungo, wanaondoka wakidhani nimenoa.

Ile habari ya kukata karatasi ya fedha ya jikoni ili mkasi uwe mkali? Haiondoi chuma, kwa hiyo hainoi. Ila nimejaribu, na mara mojamoja mkasi ulikata vizuri zaidi baadaye. Nahisi inanyoosha ukingo uliojikunja au inakwangua hiyo gundi. Kukata msasa ndio usithubutu.

Kama kweli makali yamekwisha, noa nje tu, ukifuata mteremko uliopo, mara tatu nne. Ndani pitisha kipande cha mti laini kuondoa kile chuma chembamba kilichogeukia huko. Wenzangu wengine wanafunga tu mkasi kianguke chenyewe. Mimi nilikuwa naogopa, siku hizi nafanya vyote viwili na sioni tofauti.

Yule kaka nilimwambia ukweli, akauliza kama ninaweza "kuurudisha ule uwazi". Nimekibakiza kimkasi chake. Nitajaribu kukipinda kwa koleo lenye ngozi mdomoni, jioni, wateja wakishaondoka.