Wikipedia Sio Bango la Kampeni

Juzi binamu yangu, msanii wa ohangla, ule muziki wa Waluo, hapa Kondele, Kisumu, amekuja kwangu amenuna vibaya sana. Kuna jamaa wa mtandaoni alimlipa elfu 15 amtengenezee ukurasa wa Wikipedia, ukurasa ukakaa siku 2 ukafutwa, na sasa jamaa anaitisha elfu 8 nyingine ndio "aurudishe". Mimi nahariri Wikipedia tangu nikiwa chuo, kwa hivyo kesi kama hizi zinanijia mimi, na watu wanakuja na uongo uleule.

"Ukilipa unawekwa." Wapi! Wikipedia haiuzi ukurasa, wahariri wenyewe ni watu wa kujitolea tu kama mimi. Kulipwa uandike sio marufuku, lakini tangu 2014 masharti yao yanasema anayelipwa lazima atangaze wazi amelipwa na nani, na huyu wa binamu yangu hakutangaza chochote. Halafu huu mchezo ni wa zamani jameni. 2015 kule Wikipedia ya Kiingereza zilifungiwa akaunti 381 kwa mpigo, wenye akaunti hizo walikuwa wanatafuta watu na biashara ambao makala zao zimekataliwa, wanajifanya wahariri wakubwa, wanaitisha pesa ya kuipitisha, na ikishapita wanaitisha ingine kila mwezi ya kuilinda. Ni kama kumlipa mtu akuchungie saidimira na yeye ndiye mwizi wa saidimira.

"Niko na wafuasi elfu 60 TikTok, mimi ni maarufu." Hapa ndio watu wanakasirika kabisa. Hakuna mtu anahesabu wafuasi. Kinachoulizwa ni kama watu wengine, wasiokujua na wasiolipwa na wewe, wamekaa chini wakaandika habari zako kwa kina mahali penye mhariri wa kukagua. Interviu ya redio ambapo wewe ndiye unajisifu saa nzima ni maneno yako bado, tangazo ulilolipia gazetini ni lako pia, na jina kutajwa kwa orodha ya watumbuizaji wa harambee ni kutajwa tu. Hata aspiranti wa kiti, kuwania peke yake hakutoshi, na hao ndio wasumbufu kushinda wote uchaguzi ukikaribia.

Na kukataliwa haimaanishi wewe ni bure. Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, rasimu ya makala yake ilikataliwa Mei 2018 juu ya vyanzo, na Oktoba mwaka huohuo akashinda Nobel ya fizikia. Aibu ilikuwa kubwa, na mimi naona walikosea, lakini angalia pia shida ilianzia wapi: magazeti hayakuwa yamemshughulikia mama wa watu. Wikipedia inafuata nyuma ya wengine, haitangulii. Sasa kama profesa wa leza amepitia hiyo, msanii wa Kondele mwenye wimbo 3 atulie kidogo.

"Basi niandike ya Kiswahili, huko hakuna wenyewe." Wako. Ilianza 2003, wakabidhi, yaani wasimamizi wake, ni wachache kweli, lakini promo wanaijua kwa harufu. Ukiandika "msanii nguli anayetikisa Nyanza nzima" umejichoma mwenyewe.

"Itanipandisha Google." Viungo vinavyotoka Wikipedia kwenda saiti yako vina alama ya kuambia Google isivihesabu, tangu 2007.

"Ukurasa ukiwa wangu, naamua mimi." Sio wako. Ukishikwa na kesi na magazeti yakaandika, itaingia humo, na ukijaribu kuifuta historia ya ukurasa inaonyesha akaunti gani imefuta nini saa ngapi. Ukiona kosa la ukweli, nenda ukurasa wa majadiliano, sema wewe ni nani, weka chanzo, ungoje.

Binamu alisikiza yote hayo, akakubali kumblok yule jamaa, halafu akaniangalia: "Si basi uniandikie wewe, wewe ni damu yangu." Nikamwambia hiyo damu ndio shida, inaitwa mgongano wa maslahi, nikiandika mimi nitalazimika kusema ni binamu yangu, na mtu mwingine aipitie, na atauliza magazeti yako wapi.

Jumapili binamu na wenzake wameenda Dunga kula samaki. Sikuitwa.